William Lever: alianza na jina la sabuni, akaishia kuitaka michikichi

WAFANYABIASHARA wa mwambao wetu wanavijua vizuri vitu viwili: mawese na sabuni. Mawese yanatoka Rumonge kwa madumu ya manjano, yanapanda magari ya kwenda Bujumbura. Sabuni inakuja kwa katoni, nyingine ya Bujumbura, nyingine ya Kigoma, nyingine imevuka ziwa kutoka Baraka. Kwa macho ya mchuuzi hizo ni bidhaa mbili. Kumbe ni ndugu wa tumbo moja, kwani sehemu kubwa ya sabuni ya kufulia ya ukanda huu ni mafuta ya mchikichi yaliyopikwa na kostiki.

Mtu aliyejenga juu ya jambo hilo moja ya biashara kubwa kabisa za enzi zake alikuwa Mwingereza, mtoto wa muuza duka, jina lake William Hesketh Lever. Alifariki mwaka 1925. Nafundisha historia hapa Gatete, na kila tunapofika kwenye Kongo ya kikoloni naona wanafunzi wanamjua Mfalme Leopold wa Pili na mpira wake. Lever hawamjui kabisa, ingawa karibu wote wameshafua sare zao kwa bidhaa za kampuni iliyotokana naye. Ndiyo maana leo naomba nafasi katika ukurasa huu nieleze maisha yake, hasa kwa wenzangu tuliorudi kutoka ukimbizini na kwa wale wanaoishi kwa kuvusha mizigo mpakani. Kwetu sisi, habari ya nani mwenye mchikichi na nani mwenye jina haijawa ya kale.

Lever alizaliwa tarehe 19 Septemba 1851 mjini Bolton, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, mji wa viwanda vya pamba na moshi wa makaa ya mawe. Alikuwa mtoto wa saba kati ya kumi, na wa kwanza wa kiume. Baba yake, mzee James Lever, aliuza vyakula. Mama alipenda kijana awe daktari, kijana mwenyewe alipenda kuchora majengo, lakini baba ndiye aliyekuwa na duka, na mwaka 1867 kijana akaingia dukani.

Kazi aliyoanza nayo ilikuwa kukata na kufunga sabuni. Enzi hizo sabuni ilifika kwa muuza duka ikiwa miche mirefu isiyo na jina. Mteja akitaka, inakatwa kwa waya, inapimwa kwenye mizani, inafungwa kwa karatasi yoyote iliyopo. Msomaji aliyewahi kununua kipande cha mche sokoni, kile kinachokatwa mbele yako, anaelewa hali ilivyokuwa. Hakuna aliyejua mche ule umepikwa na nani. Ukimwasha mtu ngozi au ukiyeyuka kabla nguo hazijatakata, wa kulaumiwa ni muuza duka, kwa sababu ndiye pekee anayeonekana.

Mwaka 1872 baba alimfanya mshirika katika biashara. Mwaka 1874 alimwoa Elizabeth Hulme, waliyefahamiana tangu utotoni. Kwa miaka kumi aliuza siagi, mayai na sukari, akazunguka vijijini na gari la farasi kutafuta wateja wapya, biashara ikakua. Mtu mwingine angetosheka hapo.

Mwaka 1884 aliamua kushika sabuni. Alikuwa ameshajaribu kuuza sabuni aliyoipa jina la asali safi, lakini wenzake walimwiga mara moja, naye hakuwa na la kuwafanya. Jina linaloisifia bidhaa tu, kama safi au nzuri au asali, ni la kila mtu. Uingereza ilikuwa imepitisha sheria ya kusajili alama za biashara mwaka 1875. Daftari lilifunguliwa Januari 1876, na alama ya kwanza kuandikwa humo ilikuwa pembetatu nyekundu ya kampuni ya bia ya Bass. Basi Lever akaenda Liverpool kwa wakala wa shughuli hizo, naye akamwandikia orodha ya majina kwenye karatasi. Hakupenda hata moja. Akarudi nyumbani na karatasi mfukoni. Baada ya siku chache jina moja likaanza kumkaa kichwani: Sunlight, yaani mwanga wa jua. Ndipo akaingiwa na hofu kwamba huenda mwingine ameshaliwahi, akarudi Liverpool mbio mbio ili lisajiliwe. Hakutosheka na Uingereza. Alilisajili katika kila nchi iliyokuwa na sheria ya namna hiyo.

Hapa namwomba msomaji asimame kidogo. Siku jina lile lilipoandikwa daftarini, Lever hakuwa na kiwanda. Hakuwa na sufuria moja ya kupikia sabuni. Sunlight ya kwanza ilipikwa na watu wengine kwa oda yake, yeye akaiuza kwa jina lake. Wapo kati yetu wanaodhani jina la bidhaa ni urembo unaobandikwa mwishoni, baada ya kazi kwisha. Kwa Lever jina lilikuwa msingi wa nyumba, na kiwanda kilikuja baadaye.

Tena kilikuja kwa sababu jina lilikuwa hatarini. Wapishi wale wa kukodi hawakuwa na kipimo kimoja. Leo sabuni nzuri, kesho inatoa jasho na kunuka. Mwaka 1885 Lever na mdogo wake James Darcy walikodi kiwanda kidogo kilichokuwa kikipata hasara mjini Warrington. Wakabadili upishi. Sabuni nyingi za Uingereza zilipikwa kwa mafuta ya ng'ombe na kondoo. Wao walipunguza mafuta ya wanyama na kuongeza ya mimea, kiasi cha asilimia 42 yakiwa ya nazi au ya mise, yaani ya kokwa ya ndani ya chikichi. Mama yeyote wa Rumonge angeweza kuwaambia kitakachotokea: sabuni ya mise inatoa povu jingi. Povu ndilo lililoiuza Sunlight. Mwanzoni mwa 1886 kiwanda kilitoa tani 20 kwa wiki. Kufikia 1888 zilikuwa tani 450.

Sabuni ile haikukatwa kwa waya. Ilitoka kiwandani ikiwa vipande vyenye kipimo kimoja, kila kimoja kimefungwa kwa karatasi yake na kutiwa kwenye kiboksi. Lever aliahidi zawadi ya pauni 1,000 kwa yeyote atakayethibitisha kuwa ina uchafu ndani yake. Akatoa zawadi kwa wateja wanaorudisha karatasi za kufungia. Akanunua michoro ya wachoraji mashuhuri na kuigeuza kuwa matangazo. Fedha alizomwaga kwenye matangazo ziliwashangaza wapika sabuni wazee, ambao baadhi yao walikuwa na ujuzi kuliko yeye. Walijua kupika, ila hawakuwa na jina ambalo mama wa nyumbani analitaja akifika dukani.

Mwaka 1888 alianza kujenga kiwanda kipya kando ya mto Mersey, ng'ambo ya Liverpool, na kando yake kijiji cha wafanyakazi. Vyote vikaitwa Port Sunlight. Kijiji kilikuwa na nyumba za matofali zenye bustani, shule, ukumbi, hospitali ndogo na kanisa. Miji ya viwanda ya Uingereza wakati huo ilikuwa ya kutisha kwa msongamano na maradhi, kwa hiyo mtu akipata nyumba Port Sunlight alijiona amepona. Lakini mwenye nyumba alikuwa ndiye mwenye kiwanda. Ukiacha kazi au ukifukuzwa, unahama na familia yako. Faida ya kampuni Lever hakutaka kuigawa mikononi. Alisema, kwa maneno mengine, kwamba wafanyakazi wangeitumia ovyo, bora yeye awawekee katika majumba na bustani. Mimi niliyekulia katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, ambako mgeni alipanga mistari ya nyumba zetu na kutuhesabia vipimo vya chakula, nasoma habari za Port Sunlight kwa hisia mbili. Huwezi kukataa nyumba nzuri. Ila unajua nani ana ufunguo wa pili.

Mwaka 1906 lilimpata jambo ambalo wachuuzi wa sabuni watalielewa haraka. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda. Nazi na mise vilikuwa vinagombewa na watengenezaji wa siagi ya mimea. Kipande cha Sunlight kiliuzwa peni 3, na Lever aliogopa kupandisha bei kwa kuwa mteja ameizoea. Akaamua kupunguza uzito, kutoka aunsi 16 hadi 15, bei ikabaki ile ile. Wakati huo huo alikuwa akiwashawishi wapika sabuni wakubwa waungane ili wasipigane kwa matangazo. Magazeti, ambayo yangepoteza fedha za matangazo hayo, yakawasha moto. Gazeti la Daily Mail liliongoza, likiwaeleza wasomaji kuwa genge la sabuni linawapunja maskini. Mauzo ya Lever yakaanguka, muungano ukavunjika kabla ya mwaka kwisha. Lever akalishtaki gazeti, na mwaka 1907 alilipwa pauni 50,000, fedha ambazo hazikuwahi kulipwa katika kesi ya aina hiyo nchini kwao.

Kisheria alishinda. Hata hivyo kipande kilikuwa kimepungua, na kila aliyekishika aliliona hilo kwa kiganja. Sisi tunaonunua miche leo tunajua mchezo huu haukuzikwa na Lever.

Mwaka huo huo wa 1906 aliingia bungeni kwa chama cha Liberal, akakaa hadi 1909, na humo alipigania malipo ya uzeeni kwa watu wa kawaida. Alikuwa mtu wa vituko vingi. Alilala nje, kwenye chumba kisicho na paa, hata theluji ikianguka. Masikio yake yalizidi kuwa mazito kadiri alivyozeeka, ila hakuacha kucheza dansi. Mwaka 1920 mchoraji maarufu Augustus John alimchora sura. Lever hakuipenda picha, na pia haikuenea kwenye kasha lake la kuhifadhia vitu, basi akakikata kichwa na kukiweka ndani. Kwa bahati mbaya mtumishi wake wa nyumbani aliirudisha sehemu iliyobaki kwa mchoraji. Zogo lilienea hadi Italia, ambako wachoraji waligoma. John aliona picha ni kazi ya mikono yake, haikatwi hata kama imeuzwa. Lever aliona kilichonunuliwa ni cha mnunuzi, akipenda atakikata. Nimekitaja kisa hiki kidogo kwa sababu kinatusaidia kuelewa kile kikubwa, cha Kongo.

Baada ya misukosuko ya 1906 Lever aliapa kutotegemea mafuta ya sokoni. Alitaka michikichi yake mwenyewe. Kwanza aliomba ardhi katika makoloni ya Uingereza ya Afrika Magharibi. Serikali yake ikamkatalia, kwa hoja kuwa ardhi kule ni ya wenyeji na michikichi ni yao, na kwamba wamekuwa wakiuza mawese vizuri bila yeye. Lever alikasirika. Kwa imani yake ardhi ilikuwa ya yule atakayeizalisha zaidi, na Mwafrika alimwona kama mtoto anayehitaji kusimamiwa.

Alichokikosa kwa Waingereza alikipata kwa Wabelgiji. Kongo ilikuwa imetoka mikononi mwa Leopold mwaka 1908, imechafuka jina duniani kote kwa mauaji ya mpira. Serikali ya Ubelgiji ilitafuta mwekezaji mwenye sifa njema, na nani angekuwa na sifa kuliko yule tajiri wa Port Sunlight aliyewajengea wafanyakazi bustani? Tarehe 14 Aprili 1911 walitia saini mkataba. Kampuni mpya iliitwa Huileries du Congo Belge. Ilipewa maeneo matano, na kila eneo lilichorwa kwenye ramani kama duara lenye upana wa kilomita 60 kutoka katikati hadi ukingoni. Ndani ya maduara hayo ingeweza kuchagua ardhi hadi hekta 750,000.

Chukua ramani yetu, msomaji, uweke ncha ya bikari kwenye soko la Rumonge. Kilomita 60 kila upande. Bururi imo. Makamba mjini imo, Nyanza-Lac imo. Ng'ambo ya ziwa, Baraka yote imo pamoja na milima ya nyuma yake. Bujumbura ingeponea chupuchupu. Hilo ni duara moja. Lever alipewa matano, na hakuna mtu hata mmoja wa ndani ya maduara hayo aliyeulizwa.

Katikati ya duara la kwanza palikuwa Lusanga, kando ya mto Kwilu. Pakaitwa Leverville. Mengine yalipewa majina ya familia ya kifalme ya Ubelgiji na ya sehemu za nchi yao: Alberta, Elisabetha, Brabanta, Flandria. Ukiwa mfanyabiashara unayefahamu thamani ya jina lililosajiliwa, huwezi kukosa kuiona maana ya kitendo hicho.

Mkataba ulisema kampuni itajenga hospitali na shule, na itamlipa mfanyakazi si chini ya santimu 25 kwa siku. Kwenye karatasi ulikuwa mkataba wa huruma. Kazi yenyewe ndiyo iliyokuwa na neno. Mashamba ya kupandwa yangechukua miaka kuzaa, kwa hiyo kampuni ilianza na michikichi iliyokuwepo. Ilikuwa ya nani? Serikali ilijibu kwamba ni ya msituni, imeota yenyewe kwenye ardhi tupu, na ardhi tupu ni mali ya serikali tangu amri ya Leopold ya mwaka 1885. Wanakijiji walijua vingine. Mchikichi hupenda mahali palipokaliwa na watu, panaposafishwa na kutupwa kokwa. Ukiona michikichi mingi porini, ujue hapo palikuwa na kijiji cha mababu.

Kukwea kwenyewe mnakufahamu. Mkwezi anajifunga kamba kiunoni, anapanda shina refu, panga mkononi, anakata mkungu wenye miiba na kuuteremsha. Akianguka, mara nyingi ndiyo basi. Watu wa Kwilu walikwea michikichi yao wakati wanapohitaji mafuta, si kila siku kwa faida ya mgeni na kwa ujira usiotosha. Hawakujitokeza kwa wingi. Ndipo serikali ya kikoloni ikaisaidia kampuni: kodi ya kichwa inayodaiwa kwa fedha, machifu waliopewa idadi ya watu wa kutoa, askari, na jela iliyokuwa na mjeledi wa ngozi ya kiboko. Wanakijiji wa ndani ya duara hawakuruhusiwa kutafuta mnunuzi mwingine wa matunda yao. Ripoti ya daktari wa serikali ya mwaka 1923 kuhusu Leverville ilieleza wafanyakazi waliolala pabaya na kula vibaya. Mambo haya yalikaa makabatini hadi Mbelgiji Jules Marchal, aliyewahi kuwa mtawala wa kikoloni na baadaye balozi, alipoyakusanya kwenye kitabu mwaka 2001.

Lever alikuwa anajua? Alifika Kongo mara mbili, mwaka 1912 hadi 1913 pamoja na mkewe, na tena 1924 hadi 1925. Alipita kwenye mito kwa meli, akapokelewa kwa shangwe zilizoandaliwa, akaona hospitali na matofali. Mkewe alifariki Julai 1913, miezi michache baada ya safari ya kwanza, na alipopewa ubwana mwaka 1917 aliunganisha jina lake na la mkewe, akaitwa Lord Leverhulme. Mtu aliyempenda mkewe namna hiyo na kuwahurumia wazee wa Uingereza hakuwa mnyama. Ila maofisa wake walimwandikia kuhusu uhaba wa watu na njia za kuwapata, naye aliendelea kudai tani zaidi. Kwa mizani yangu hilo linatosha kumpa sehemu yake ya lawama.

Naandika haya nikijua wasomaji wangu ni akina nani. Waliokimbia mwaka 1972 waliacha michikichi yao katika mwambao huu, na ardhi nyingi ikagawiwa wengine au ikaingizwa kwenye mashamba ya miradi. Marehemu baba yangu alikuwa mmoja wao. Tuliporudi tulikuta michikichi aliyoipanda imeng'olewa, pamepangwa mistari ya ile mifupi ya kisasa, na mwenye karatasi ni mwingine. Tulikaa mbele ya wazee, tukagawana nusu kwa nusu na aliyekuwepo. Yeye naye alikuwa ameipalilia zaidi ya miaka kumi na mitano na ana watoto. Katika mashauri kama hayo kila upande unakuja na hoja yake: mmoja alipanda, mwingine alitunza, wa tatu ana hati. Mkataba wa 1911 ulichagua hati peke yake.

Lever aliporudi Uingereza kutoka safari ya pili alishikwa na homa ya mapafu, akafariki London tarehe 7 Mei 1925. Alizikwa Port Sunlight. Miaka minne baadaye, tarehe 2 Septemba 1929, kampuni yake ilikubaliana na Waholanzi wa siagi ya mimea kuungana, na tangu Januari 1930 ikajulikana kama Unilever. Kule Kwilu, mwaka 1931, Wapende waliasi baada ya bei ya matunda kushushwa huku kodi ikidaiwa vile vile. Walimuua ofisa mmoja wa Kibelgiji, Maximilien Balot. Jeshi likaua zaidi ya watu 500.

Sasa nirudi kwenye majina, kwa ajili ya wafanyabiashara. Jina likisajiliwa linakuwa kama kiwanja: linauzwa, linapangishwa, linagawanywa. Sunlight ya Afrika Mashariki ni ya Unilever. Lakini Unilever iliuza biashara yake ya sabuni za kufulia ya Amerika Kaskazini mwaka 2008, na mwaka 2016 aliyeinunua naye akanunuliwa na kampuni ya Kijerumani ya Henkel. Kwa hiyo ndugu yako aliyeko Kanada akinunua Sunlight ya kufulia, fedha haziendi zinakokwenda za Nairobi. Persil ni kichekesho kikubwa zaidi: Uingereza ni ya Unilever, Ujerumani ni ya Henkel, jina moja mabwana wawili. Kimbo, mafuta ya kupikia waliyoyajua wazazi wetu, yalikuwa ya tawi la Unilever nchini Kenya, leo ni ya Bidco. Na Omo imepatwa na ajabu ya aina yake, maana huku kwetu mtu anaweza kwenda dukani kuomba omo akapewa unga wa kampuni nyingine kabisa, na asiulize.

Mashine za kufulia zinazoletwa na wanaotoka Ulaya au Dubai ni vile vile. Maytag ilianzishwa na Frederick Maytag mjini Newton, Marekani, mwaka 1893. Mwaka 2006 ilinunuliwa na mshindani wake Whirlpool, na mwaka uliofuata kiwanda cha Newton kikafungwa. Jina bado linauzwa. Hoover ya Ulaya ilikwenda kwa Candy ya Italia mwaka 1995, na Candy ikaenda kwa Haier ya China mwaka 2019. Anayenunua mashine iliyotumika kwa sababu ya jina lililoandikwa mlangoni ageuze nyuma asome imetengenezwa wapi na mwaka gani, maana vipuri vitafuata hilo.

Mashamba ya Kongo nayo yalibadili mikono. Unilever iliyauza kwa kampuni ya Feronia mwaka 2009, Feronia ikaanguka, na mwaka 2020 yakachukuliwa na wawekezaji wengine. Lokutu, iliyokuwa Elisabetha, na Boteka, iliyokuwa Flandria, bado yanakamua mawese. Mwaka 2018 wanavijiji wa sehemu hizo walipeleka malalamiko kwa benki ya maendeleo ya Ujerumani iliyokuwa imeikopesha Feronia. Walichodai ni kuonyeshwa karatasi halali inayoeleza jinsi ardhi ya babu zao ilivyochukuliwa. Mkataba wa 1911 ulikuwa na miaka 107 siku hiyo.

Lusanga, ambapo palikuwa Leverville, jina la Lever limetoka na kiwanda kimekufa. Mwaka 2014 wafanyakazi wa mashamba wa huko waliunda chama cha wachonga sanamu. Wanafinyanga kwa udongo, kisha sanamu zinamiminwa kwa kakao na mafuta ya mchikichi na kuuzwa New York na Ulaya. Mwaka 2024 kazi zao zilionyeshwa Venice, Italia. Fedha wanazopata wananunulia ardhi ile ile ya duara la kwanza, kipande kwa kipande. Wameshapata kiasi cha hekta 200, na wanapanda humo mihogo, miti ya matunda na michikichi.